Uzi: Watoto waliofungiwa Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa corona 2020 ndio hawa tunaowaita watundu leo

#1 Mwalimu wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote habari za jioni.

Juzi kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu, baba mmoja alisimama akasema kizazi hiki kimeharibiwa na simu na kukosa fimbo. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mimi sikupiga. Simu zina lawama yake, sikatai, lakini watoto aliokuwa akiwasema walikuwa PP2, darasa la mwisho la chekechea, mwaka 2020. Sasa, mwaka 2025, wako Gredi ya 5, na karibu wote nawajua mwezi wa tano mwaka ule walikuwa wamefungiwa nyumba gani.

Kwa waliosahau: mgonjwa wa kwanza wa corona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru akafunga shule. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Siku ile ile pale Likoni waliokuwa wakiwahi feri walikula virungu na mabomu ya machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Video zilizunguka kwenye kila simu na watoto walizitazama wakiwa wamekaa mapajani mwetu. Mwanzoni mwa Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hutoki huingii. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa tena ndani ya kufungwa kule, sambamba na Eastleigh ya Nairobi. Tulifunguliwa mwezi wa sita.

Anayeijua Kibokoni, mtaa wetu humo Mji wa Kale, anazijua nyumba zetu. Vyumba viwili, watu tisa, bibi kwenye chumba cha mbele kwa sababu hawezi ngazi. Mtoto wa huku analelewa kichochoroni, barazani, madrasa na kwa jirani, nyumbani anaingia kula na kulala. Sasa madrasa imefungwa, msikiti umefungwa, tarawehe inaswaliwa sebuleni nyuma ya baba ambaye hoteli imemrudisha nyumbani bila mshahara. Muuza viazi karai hapiti. Mahamri ya asubuhi hayapo. Idd ikatukuta humo humo, tarehe 24 Mei. Hakuna kwenda viwanja vya Makadara, hakuna pembea, hakuna kuzunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idd. Kuna watoto walivalishwa nguo mpya, wakakaa nazo dirishani mpaka magharibi, wakavuliwa.

Nataka niwaelezee mchezo mmoja, maana ndio ulionifanya nianze kuwaangalia watoto hawa kwa jicho jingine. Watoto wa dada yangu na wa jirani wa juu waliubuni kwenye ngazi. Mmoja anafunga kitambaa puani, anashika kijiti, anawaelekezea wenzake kwenye paji la uso mmoja mmoja. Akisema "tiit", uko sawa, unapita. Akisema "tiiiiit" ndefu, unapelekwa karantini, yaani chini ya ngazi, penye ndoo na mafagio. Siku moja kadogo ka miaka minne kalipigiwa ile ndefu. Dada yake, ambaye naye hakuwa hata na miaka minane, akamkamata mkono, akamsukuma nyuma ya mlango, akasimama mbele na kusema: "Humu hamna mtu." Mwenye kijiti akagonga. "Nimesema hamna mtu!" Na hakuwa anacheka.

Alikuwa anaigiza alichokiona. Wakati ule watu wa Mji wa Kale walikuwa wakiwakimbia wapimaji kwa sababu mwanzoni aliyewekwa karantini alidaiwa pesa za kukaa humo. Wazazi walinong'ona wakidhani watoto wamelala.

Baada ya hapo ndio yakaanza yale ambayo nadhani wengi humu mliyaona. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kitambo anarudia. Mwingine hataki mama aende hata chooni peke yake. Wavulana wa miaka kumi hivi wakawa wanapigana kwa jambo la kipuuzi, nani kakalia mto wa nani. Usiku ukawa mchana, kwa sababu ya daku kwanza, halafu kwa sababu hakukuwa na cha kuamkia. Gari la polisi likipita na king'ora mtaa unanyamaza, na watoto ndio wa kwanza kunyamaza. Nairobi siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Watoto wetu walijua. Walikuwa wakiuliza roshani yetu ni ya ghorofa ya ngapi.

Sasa shule. Julai marehemu Profesa Magoha, waziri wa elimu wakati ule, akatangaza kuwa mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Oktoba wakarudi Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine wote Januari 4, 2021. Sisi shuleni kwetu tuliwapokea kwa kipimajoto, ndoo ya maji na mtihani wa kupima wamesahau kiasi gani. Hakuna aliyetenga hata wiki moja ya kuwauliza wamekuwaje. Kalenda ikabanwa, likizo zikawa za siku chache, tukimbizane na silabasi. Mtihani wa taifa wa 2020 ukafanywa Machi 2021, wa 2021 ukafanywa Machi 2022, wa 2022 ukafanywa Novemba mwaka huo huo. Mtoto akishindwa kutulia darasani ndani ya mbio hizo, tunaandika "mtundu", "mzembe", "hasikii".

Hoja yangu ni hiyo tu. Kufungwa kuliumiza, lakini namna tulivyowafungulia iliumiza pia, na hiyo ya pili hakuna virusi wa kumlaumu. Nyinyi mliona nini kwenu?

#2 Kiti cha Nyuma

Nimetandika mkeka. Wajuzi pitieni.

#3 Mtu wa Tandale

Dada mwalimu, pole sana. Sisi Bongo lockdown tuliisikia kwenye redio tu. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni mosi, wengine wote Juni 29. Miezi mitatu na kitu. Watoto wa Tandale walicheza chandimu miezi yote hiyo mpaka majirani wakaomba shule zifunguliwe.

Mwanangu ukimuuliza corona atakwambia nyungu. Blanketi zito, sufuria la mwarobaini na mchaichai, bibi yake ameshika pindo la blanketi asitoke: "Hesabu mpaka mia." Na alikuwa hajui kuhesabu kupita ishirini, kwa hiyo alikuwa anarudia moja kila akifika hapo.

Ila nisidanganye kwamba tulitoka bila kitu. Mwanzoni mwa 2021 mtaani kwetu tulizika wazee kwa kufuatana, kila tangazo la msiba ni "changamoto ya upumuaji". Wakubwa tunaangaliana, hakuna anayelitaja jina. Mtoto yupo pale anasikiliza. Wa kwangu alikaa muda mrefu akikohoa kidogo tu anauliza kama na yeye ana changamoto.

#4 Jogoo wa Nakuru

Mwalimu nakuheshimu, lakini hapa mnatafutia watoto kisingizio. Kila kitu siku hizi ni "afya ya akili". Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa Kenya, kulikuwa na corona? Kyanguli 2001 watoto zaidi ya 60 waliungua bwenini, kulikuwa na kafyu? Wanafunzi wetu wana shida ya nidhamu tangu zamani. Sisi tulilelewa na njaa na kiboko, mbona hatukuchanganyikiwa.

Profesa Magoha alisema kiboko kirudi. Alikuwa sahihi.

#5 Mwalimu wa Kibokoni

@Jogoo wa Nakuru, kwa mabweni nakubaliana nawe nusu. Moto shuleni Kenya una historia yake ndefu na sitaubebesha corona wote. Lakini angalia 2021: Januari tu wanafunzi wamerudi, tukasikia mwanafunzi Kisii kawachoma kisu walimu. Oktoba na Novemba mabweni yakawaka mfululizo, na wanafunzi walikuwa wanadai nini? Mapumziko ya katikati ya muhula. Hawakuwa na pumzi. Serikali ikaishia kuwapa mapumziko hayo baada ya moto. Si wangepewa kabla?

Na huko kote umerukia sekondari za bweni. Mimi nimeongea juu ya kakojozi wa miaka saba. Huyo utamchapa kwa lipi?

#6 Nesi wa Akili

Salaam. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nafanya kazi na watoto na vijana. Nimesoma #1 mara mbili kwa sababu ya ule mchezo wa ngazi. Kliniki tunautumia mchezo kama mlango, maana mtoto wa miaka sita hawezi kukwambia "nina wasiwasi". Atacheza. Akirudia mchezo ule ule, kwa uso ule ule usiocheka, hapo kuna kitu kimekwama.

Niweke tarakimu kidogo ili Jogoo asiseme tunaongea hewani. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la watoto la Marekani, JAMA Pediatrics, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 29 kutoka nchi mbalimbali, watoto na vijana zaidi ya 80,000. Mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kutisha, na mmoja kati ya watano wasiwasi wa kiwango hicho. Hiyo ni kama mara mbili ya makadirio ya kabla ya janga. Uingereza walifanya upimaji wa kitaifa: 2017 mtoto mmoja kati ya tisa alikuwa na uwezekano wa kuwa na tatizo la akili, 2020 akawa mmoja kati ya sita.

Mfano unaofanana zaidi na Mji wa Kale ni Hispania. Kule watoto chini ya miaka 14 hawakuruhusiwa kabisa kutoka nje kuanzia katikati ya Machi mpaka Aprili 26, 2020. Mtu mzima aliruhusiwa kutoka na mbwa wake, mtoto hapana. Watafiti waliwauliza wazazi wa Hispania na Italia, zaidi ya elfu moja, na asilimia 85 hivi wakasema mtoto wao amebadilika. Lililoongoza ni kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, wazazi watatu kati ya wanne walilitaja. Baadaye kuchoka na kila kitu, hasira za haraka, kutotulia, woga. Mwalimu akisoma orodha hiyo anaona darasa lake.

Kwa nini hutokea hivi? Mtoto hupima usalama kwa vitu viwili: mambo yanayojirudia na uso wa mzazi. Saa ya kuamka, sare, kengele, ustadhi, mpira wa jioni, yote hayo humwambia dunia iko mahali pake. Yakiondoka kwa siku moja, anamtazama mama. Na mama mwenyewe anahesabu unga uliobaki. Kwa hiyo wadogo hurudi nyuma, kukojoa, kunyonya kidole, kung'ang'ania. Wa umri wa kati huwa wakali au hulalamika tumbo na kichwa ambavyo daktari havioni. Vijana hujifungia na usingizi wao hupinduka. Usingizi naomba msiudharau. Mtoto asiyelala usiku hawezi kutulia mchana hata umtishe na nini.

La pili, ambalo watu hawapendi kulisikia: kuna watoto walipona kwa kufungiwa. Mtoto aliyekuwa akionewa shuleni, mwenye kigugumizi, mwenye usonji anayeteswa na kelele za darasa la watoto themanini, hao walipumua. Matatizo yao yalianza siku shule zilipofunguliwa.

La tatu, Jogoo, kwa heshima. Umesema mlilelewa na njaa na kiboko mkawa sawa. Nawapokea kliniki wanaume wa umri wako kila wiki.

#7 Jogoo wa Nakuru

Haya nesi, hapo umenigonga. Lakini kiboko bado nakiunga mkono kwa wale wakubwa.

#8 Mswahili wa Kisenyi

Mnalalamika miezi kumi? Njooni Kampala tuwahadithie.

Museveni alifunga shule Machi 20, 2020. Madarasa ya mitihani yakarudi Oktoba, wengine wakaanza kurudishwa kidogo kidogo 2021, Juni 2021 zikafungwa tena. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko Uganda. Wanafunzi kama milioni 15.

Nilichokiona mimi si mtoto kukaa ndani akichoka. Ni mtoto kuacha kuwa mtoto. Wavulana wa P5 (darasa la tano) walikwenda kufyatua matofali, kuuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni za magari, wengine machimbo ya dhahabu kule Busia. Wakaonja pesa. Walimu nao walikuwa wakiendesha boda au kuuza chapati, na baadhi ya shule za binafsi majengo yakageuzwa nyumba za kulala wageni. Siku ya kurudi, jirani yangu alimnunulia kijana wake sare, kijana akaishika, akamuuliza baba yake: "Na kodi ya nyumba mwezi huu atalipa nani?" Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisaidia kulipa. Unamrudishaje huyo kwenye dawati na kumwambia aombe ruhusa kwenda chooni?

Na wote walipandishwa darasa tu. Mtoto ameondoka hajui kusoma sawasawa, anarudi anawekwa darasa la mbele, mwalimu anaandika ubaoni anadhani anaeleweka. Mwenye aibu ananyamaza, asiye na aibu anafanya fujo. Ukiniuliza mimi, fujo nyingi za darasani ni mtoto kuficha kwamba hajui kusoma.

Wasichana sisemi sana. Wengi walirudi na watoto mgongoni au hawakurudi.

#9 Nesi wa Akili

@Mswahili wa Kisenyi, la wasichana acha nilisemee kwa upande wa Kenya maana lilipimwa. Watafiti waliwafuatilia wasichana wa sekondari magharibi ya Kenya, wakawalinganisha waliomaliza shule kabla ya janga na waliokutwa na ile likizo ya miezi sita ya kidato cha nne. Waliokutwa nayo walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo. Shule kwa msichana wa kijijini ni ukuta pia, siyo masomo tu. Na msichana aliyepitia hayo huja kwetu akiwa na sonona iliyopewa jina la "kiburi" na mama mkwe.

#10 Baba Zuhura

Wakuu nimekuwa msomaji tu, leo nauliza. Binti yangu alikuwa Gredi ya 4 mwaka 2020, wale wa kwanza wa CBC, mtaala mpya wa umilisi. Sasa yuko Gredi ya 9. Wakati wa kufungwa alikuwa mpole, hakusumbua, tukamsifu. Tangu pale hakurudi vile alivyokuwa. Shule anakwenda na alama zake si mbaya. Lakini akirudi ni chumbani. Analala alfajiri. Harusi ya binamu yake hakutaka kuja, mama yake alimnunulia hadi viatu. Mwakani ni shule ya upili, huenda bweni, na amesema waziwazi haendi. Mke wangu anasema ni umri. Mimi nashindwa kujua ni umri au ni kitu. Nimnyang'anye simu?

#11 Mwalimu wa Kibokoni

Baba Zuhura, "hakusumbua, tukamsifu". Hawa ndio wanaonikosesha usingizi mimi. Mwenye fujo tunamwona, tunamwita ofisini, angalau anaitwa. Aliyenyamaza hupewa cheti cha nidhamu. Nesi, msaidie.

#12 Nesi wa Akili

Baba Zuhura, ahsante kwa kuuliza. Simu usianze nayo. Kwa sasa inawezekana ndiyo mlango wake wa pekee kwa watu. Ukiufunga kabla hujafungua mwingine atabaki gizani, na atajifunza kuwa akikwambia jambo anaadhibiwa.

Umri huleta kununa na kutaka faragha, hiyo ni kawaida. Mimi huuliza mambo haya: bado ana rafiki hata mmoja anayecheka naye? Anakula? Kuna kitu alikuwa akikipenda sana na sasa hakimvutii kabisa? Anazungumzia kuchoka na maisha, au ana alama za kujikata mikononi? Jibu likiwa ndiyo kwa kuchoka na maisha au kwa kujikata, usingoje, mpeleke hospitali leo. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina watu wa afya ya akili. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, bure, saa zote, na anaweza kupiga mwenyewe au ukapiga wewe kuuliza. Tanzania nao wanatumia 116 hiyo hiyo.

Kama hayo hayapo, anza na usingizi. Msogeze nusu saa nusu saa kila siku chache, nyumba nzima izime taa, wewe ukiwemo. Harusi ya watu mia tatu ilikuwa mbali mno kwa mtoto aliyejifunza akiwa na miaka tisa au kumi kwamba pumzi ya mtu inaua bibi. Mwalike binamu mmoja aje kwenu. Halafu nendeni wawili dukani. Halafu kwa shangazi, kwa saa moja, na ajue mapema mtaondoka saa ngapi, na muondoke saa hiyo kweli hata kama shangazi ameteleka chai.

Na la bweni, bado kuna muda. Usimwahidi haendi, usimwambie lazima aende. Mwulize anaogopa nini hasa, kisha unyamaze. Wazazi wetu hapo kwenye kunyamaza ndipo tunaposhindwa.

#13 Baba Zuhura

Rafiki yuko mmoja, huwa wanacheka kwenye simu usiku. Kula anakula. Alikuwa akipenda kuchora piko, yale maua meusi ya mikononi, hata majirani walimwita siku za Idd, aliacha. Mikono sijaiona, anavaa mikono mirefu kama wasichana wetu wote. Sijawahi kufikiria kuangalia.

#14 Nesi wa Akili

Mama yake aangalie, wewe usiangalie. Amwombe amchore piko yeye mama, jioni, bila wageni. Mikono ya binti yote miwili itakuwa kwenye taa, na huenda mazungumzo yakaja yenyewe. Akikuta alama asipige kelele, asilie mbele yake, aniandikie inboksi usiku huo huo, na hospitali msingoje, kama nilivyosema.